Mahali pa Maji Kulala

Waliniita kupima jalala, juu ya Bukavu,
kabla Septemba haijafungua mbingu.
Nikapanda na Zihindula, yeye na fimbo ndefu yenye namba,
mimi na chombo cha kupimia usawa
na kijitabu kilicholowa msimu uliopita.

Nilianza na hesabu, kama nilivyofundishwa:
hekta tatu za takataka, mteremko mkali,
mvua ya milimita sitini kwa saa moja;
katika kila matone kumi, manne yanamezwa,
sita yanakimbia.
Jibu: mita za ujazo elfu moja na themanini.
Nikalipigia mstari mara mbili.
Bwawa la mita ishirini kwa ishirini na saba,
kina mita mbili. Likakaa kwenye karatasi
kama yai kiganjani.

M'Cirimwami alikuwa akiokota chupa chini yetu.
Akatazama vigingi, akacheka hadi gunia likamponyoka.
"Injinia, mnamngoja mgeni
kwenye mlango asiopita."
Akashuka, ndala mkononi, akasimama katikati ya matete.
"Maji yanapita hapa. Mwaka juzi yalinibebea mbabula,
na sufuria ya maharagwe juu yake
bado inachemka."

Zihindula akasimika fimbo pale pale, kando ya nyayo zake.
Nikachungulia.
Sentimita arobaini chini ya alama yangu.
Ramani ilikuwa ya zamani;
takataka zilikuwa zimeusogeza mlima
bila kumwarifu mchora ramani.
Nikang'oa vigingi, kimoja kimoja,
kama mtu anayemeza maneno yake.

Sasa mpango uko hivi.
Juu, mfereji wa mawe uukumbatie mlima,
maji safi yapite kando, yasijue hata harufu
ya yanayooza humu.
Maji meusi yanayovuja chini ya taka yana shimo lao,
sakafu ya mfinyanzi ulioshindiliwa;
hayo hayatoki, hata yakibembeleza.
Na mvua iliyokwisha kulikanyaga jalala
ishuke bwawani, itue tope lake na mifuko yake,
ingoje.
Bomba la kutokea si nene kuliko paja langu.
Ndiyo kazi yangu yote, ukiniuliza:
kuyachelewesha maji.
Kuyazuia, hapana, nani ameyaweza?
Nayaambia tu, polepole,
kuna watu wamelala huko chini.

Ofisini Bwana Lushombo akaipitia karatasi
kwa kalamu nyekundu.
"Mita mbili za kina? Weka moja na nusu.
Hiyo nusu tutaiona mwakani."
Nikapiga hesabu mbele yake.
Zikabaki mita za ujazo mia mbili na sabini.
Nikamwuliza: na hizi zitalala wapi?
Akatazama dirishani, ziwani,
kana kwamba ziwa lingemjibia.
Hakusema ndiyo.
Alifunika kalamu.

Usiku wa tarehe kumi na tisa bati likaanza kupigwa.
Saa nane simu ikalia. Sauti yake, na nyuma yake ngurumo:
"Injinia, nimeshika tochi.
Maji yamefika kigingi cha pili.
Ngoja... yanakigusa cha tatu."
Nikaketi kitandani, kijitabu gotini,
nikaandika saa, nikaandika kigingi.
Bwawa halijachimbwa hata jembe moja
na tayari lilikuwa linajaa.

"Injinia, umelala?"

Sijalala, mama.
Niambie cha nne.